Ngazi tatu za barazani: kwa nini nyumba nyingi Tabora bado zinawafungia nje watu wenye ulemavu

Ukipita mitaa ya Isevya, Ng'ambo au Kanyenye mjini Tabora, hesabu ngazi zilizo mbele ya milango. Nyumba nyingi zina mbili au tatu, nyingine nne. Sababu inaeleweka: msingi hupandishwa ili maji ya mvua yasiingie ndani. Kwa mtu anayetembea, ngazi hizo ni jambo la sekunde mbili. Kwa anayetumia kitimwendo, ndizo zinazoamua kama leo atatoka au atasubiri mtu wa kumbeba.

Mijadala mingi kuhusu ulemavu nchini Tanzania huangalia shule, hospitali na ofisi za serikali. Katika makala haya tunaangalia mahali ambapo mtu hutumia saa nyingi zaidi za maisha yake, yaani nyumbani.

Sheria inaishia mlangoni

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja makazi pamoja na shule, hospitali na sehemu za kazi kuwa maeneo yanayopaswa kufikika. Hata hivyo, uzito wa sheria ya nchi katika suala la kufikika uko kwenye majengo, barabara na huduma za umma. Nyumba ya mtu imebaki kuwa uamuzi wa mwenye nyumba na fundi wake.

Hili si suala la watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hapo hatujamtaja bibi ambaye magoti yake yamechoka, mama mjamzito, wala kijana aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda.

Mji uliokuzwa na waenda kwa miguu

Tabora ilikua kwa sababu ya watu waliotembea. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana njia nzima kwa kubeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa miezi. Katika safari za namna hiyo, aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa njiani.

Mji huo huo una historia nyingine isiyosimuliwa sana. Shule ya viziwi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki hapa Tabora mwaka 1963 ndiyo iliyofungua njia ya elimu ya viziwi nchini, na ipo pia Shule ya Msingi Furaha inayofundisha watoto wasioona. Ndiyo maana swali la nyumba lina uzito wa pekee hapa. Mtoto asiyeona anaweza kujifunza shuleni kutembea kwa fimbo nyeupe na kwenda chooni peke yake. Likizo inapofika, akirudi kwenye nyumba ambayo ndoo, jiko na viti vinahama kila siku, anaanza tena kushikwa mkono.

Vipimo vinavyoamua

Mengi yanayohitajika ni vipimo tu, na fundi mwashi yeyote anaweza kuvifuata akielezwa mapema.

Kwanza ni njia ya mteremko. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinafanya kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko utahitaji mita 5.4. Ukifupishwa mno, kitimwendo kitarudi nyuma au kupinduka. Kama kiwanja ni kidogo, mteremko unaweza kukunjwa kona ukawekewa sehemu tambarare ya kupumzikia.

Pili ni milango. Kitimwendo kingi kina upana wa sentimita 60 hadi 70, hivyo uwazi wa mlango usipungue sentimita 80. Mara nyingi mlango mwembamba kuliko yote ndani ya nyumba ni ule wa choo.

Tatu ni choo chenyewe. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilisukuma kaya nyingi kuwa na choo bora. Lakini choo cha kuchuchumaa hakimsaidii asiyeweza kukunja magoti. Kiti cha mbao chenye tundu, bomba la kushikia lililofungwa imara ukutani na sakafu isiyoteleza hubadilisha hali hiyo kwa gharama ndogo. Mtu mzima anayebebwa na mwanawe kwenda chooni anajua tunazungumzia nini.

Mahitaji hayafanani. Asiyeona husaidiwa na kamba iliyofungwa kutoka mlango wa uani hadi chooni, na vitu kukaa mahali pamoja. Kiziwi anahitaji taa inayowaka mtu anapobonyeza kengele. Mwenye ualbino anahitaji baraza lenye kivuli na, kutokana na mashambulizi yaliyotokea katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, milango na madirisha yenye komeo imara.

Nani alipe?

Anayejenga sasa ana nafasi nzuri kuliko wote, kwa kuwa kupanua mlango kwenye ramani hakulingani na kuvunja ukuta uliokwisha pigwa plasta. Mpangaji ndiye mwenye shida kubwa. Analipa kodi ya miezi kadhaa, choo ni cha pamoja uani, na hawezi kugusa ukuta bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inalenga biashara. Lakini fundi cherehani anayeshonea nyumbani hawezi kufanya biashara ikiwa wateja wanamsubiri nje naye hawezi kushuka barazani.

Kwa maoni yetu, hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Halmashauri ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi mjini. Ofisa anayekagua ramani anaweza kuuliza maswali mawili: mtu wa kitimwendo ataingiaje, na atafikaje chooni? Kamati za watu wenye ulemavu, ambazo sheria inataka ziwepo hadi ngazi ya kijiji na mtaa, zinaweza kufuatilia kama maswali hayo yanaulizwa kweli.

Na wewe msikilizaji unayejiandaa kumwita fundi kabla ya mvua za Novemba, muulize maswali hayo hayo kabla hajachimba msingi.