Tope la Masoko na homa ya bahari

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko hukunja kushoto Nangurukuru. Nimepita hapo miaka 26, mwalimu wa jiografia, na kila masika nimelilaani tope letu. Udongo huo wa mfinyanzi ukilowa unamvua mtu kandambili. Ukikauka unapasua nyumba. Ukuta wa jiko langu una ufa unaoingia vidole viwili.

Muda wote huo sikujua kwamba wanajiolojia wameyagawa matabaka ya udongo huo mafungu manne na kuyapa majina ya vituo vyetu vya basi: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. La Nangurukuru ndilo la chini, lilianza kutuama baharini zama za dinosaria. La Pande liko juu, nalo lina umri wa miaka milioni 33 hivi. Nilikuwa nafundisha mabadiliko ya tabianchi huku nimeyakanyaga.

Ndani ya udongo huo mna foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja, ambavyo vingi ni vidogo kama punje ya mchanga. Kila kimoja hujijengea kijumba cha chokaa kwa kuchota malighafi majini. Maji yakiwa ya joto, kijumba hupata magnesi nyingi zaidi, na oksijeni ya aina nzito hupungua. Yakiwa ya baridi, mambo hugeuka. Kiumbe hufa, kijumba huzama na vipimo vyake.

Hapo ndipo wataalamu walipokwama miaka mingi. Vijumba vilivyochotwa kwenye sakafu ya bahari kuu vilionyesha kwamba zama za joto udongo wetu ulipokuwa ukituama, uso wa bahari za tropiki ulikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu. Wakati huohuo jamaa za mamba waliishi kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada! Mamba kule, ubaridi huku? Wako waliodhani kwamba ikweta ina namna yake ya kujizuia isipate joto hata dunia nzima ikichemka.

Jibu lilitoka kwetu. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Paul Pearson na wenzake, akiwemo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Walieleza kwamba vijumba vya bahari kuu vilikuwa vimeharibika: vimekaa mamilioni ya miaka katika maji baridi ya chini, chokaa yake ikiyeyuka na kuganda upya. Kuvisoma hivyo ni kama kumpima homa maiti kisha kusema marehemu hakuwa mgonjwa. Lakini udongo wetu haupitishi maji. Vijumba vyake bado vinang'aa kama kioo, na vilipopimwa vilitoa nyuzi 28 hadi 32, pengine na zaidi.

Kwa hiyo tropiki hupata joto. Ninalirudia hili kwa sababu hata katika ofisi za walimu nasikia kwamba joto la dunia ni shida ya wenye barafu, sisi tumezoea jua. Matumbawe ya Mafia, jirani zetu, nayo yalikuwa yamezoea jua mpaka yalipopauka mwaka 1998.

Ninachogomba nacho ni safari zetu za masomo. Watoto tunawavusha kwenda Kilwa Kisiwani, wanaona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, wanaandika karne na majina ya masultani. Vizuri, na magofu yale nayapenda. Lakini hakuna anayeinama kuwaonyesha tope lililokwama kwenye viatu vyao. Mwaka 2014 aina moja ya foraminifera ilipewa jina la Mtanzania yule wa TPDC, Joyce Singano: Hantkenina singanoae. Wangapi kati ya wanafunzi wangu wamelisikia? Hadi juzi, hata mmoja, maana mwalimu wao mwenyewe hakulijua. Shule za Kilwa, Lindi na Mtwara zipewe hadubini inayofaa na chujio la maabara, na somo hili lianzie shimo la choo linalochimbwa jirani.

Sisi tulianza bila chujio. Jirani alikuwa anachimba shimo, nikaomba ndoo ya udongo wa chini kabisa. Tukauloweka usiku kucha, tukakoroga, tukasubiri, tukamwaga maji machafu, tukarudia mpaka mikono ikajikunja. Kikabaki kijiko kimoja cha vumbi la kijivu. Hadubini ya shule ina ukungu kwenye lenzi, na kwa nusu saa tuliona mchanga tu. Kisha binti mmoja wa kidato cha pili akanyamaza ghafla, akakataa kumpisha mwenzake.

"Mwalimu," akasema, "hii hapa kama bisi."

Nikainama kutazama. Kweli, kama bisi: viduara vinne vimeshikana, na mwanga unapita.