Watoto Wadogo na Chakula cha Rangi Nyingi

Mwezi huu twapenda kusema na akina mama na akina baba wenye watoto wa umri wa miaka miwili hata minne, yaani wale ambao bado hatujawapokea chuoni. Maneno yetu ni juu ya chakula chao, na juu ya kuwashirikisha katika kukitengeneza.

Hapa Kongwa, na Ugogo yote, mtoto aliyekwisha achishwa ziwa aghalabu hupewa uji mweupe asubuhi, na jioni ugali na mlenda. Ugali si adui, na mlenda umewalea wazee wetu katika miaka ya njaa. Lakini tumbo la mtoto ni dogo na hujaa upesi, nalo likijazwa kitu kile kile siku zote, mwili hukosa vingine. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 3 wamedumaa. Tena kudumaa si ufupi wa kimo tu, maana akili nayo hucheleweshwa, na mtoto huyo ndiye atakayeletwa kwetu kesho kusoma alifu na be.

Wengi husema kwamba chakula cha rangi nyingi ni cha matajiri wa mjini. Sisi hatukubali. Boga ni la manjano, na majani yake ni ya kijani. Nyanya ni nyekundu, papai na viazi lishe vina rangi ya machungwa, mtama mwekundu tunao, kunde tunazo. Na rangi tunayoisema si ile ya ubuyu wa dukani, ambao wekundu wake umetiwa kwa mkono pamoja na sukari. Ubuyu wenyewe ni mweupe, na mibuyu imejaa katika nchi yetu. Una vitamini C nyingi, ambayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika majani ya mboga. Basi unga wake na utiwe katika uji uliokwisha poa, usichemshwe. Ama boga na majani, hayo yataka mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A iliyomo. Na mafuta ya alizeti, alhamdulillahi, hayatoki mbali.

Mama mmoja alitwambia: "Mwalimu, vyote hivyo nampa, naye hufunga kinywa." Twamjibu yeye na wenziwe. Mtoto mdogo hukiogopa chakula asichokijua. Huenda ikapasa kumwonjesha mara 10 au zaidi kabla hajakizoea. Lakini kile alichokishika kwa mkono wake si kigeni tena. Kwa hiyo mwiteni wakati wa kuchambua mboga. Mpeni majani ya kunde ayatoe vikonyo, mpeni nyanya azioshe katika bakuli, mwacheni akoroge ubuyu katika kikombe, na mwulizeni ipi nyekundu na ipi ya kijani. Atamwaga, tena atamwaga sana. Maji ya kwetu ni ya shida, basi apewe kidogo, na yale atakayobakisha yamwagieni mchicha.

Sharti kubwa ni kwamba kazi zake zote ziwe kabla ya moto kuwashwa. Mafiga, chungu kinachochemka na kisu si vitu vya mtoto wa miaka mitatu, hata mama akiwa karibu. Moto ukiwaka, kaka au dada yake na amchukue nje. Nanyi vijana msomao ukurasa huu, hiyo ni kazi yenu.

Mtoto akila pamoja na wakubwa, hapo ndipo pa kumfundisha. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka-zunguka katika sahani. Mtume hakumfukuza sahanini. Alimfundisha kumtaja Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Na baba asemaye kuwa jiko si mahali pake, akumbuke alivyosimulia Bibi Aisha kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake mpaka wakati wa sala ufike.

Twataka kukaa kidogo katika habari ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa Kongwa na matrekta yao kulima karanga ili wapate mafuta ya kula kwao Uingereza. Ardhi ngumu na mvua chache ziliwashinda, wakaacha mwaka 1951. Karanga za mama zetu hazikuacha kuota. Karanga iliyotwangwa ikatiwa katika mboga humpa mtoto mafuta na nguvu. Lakini tumezoea kuuliza kama chakula ni halali tu, na hali Kurani imeitaja halali pamoja na kilicho kizuri. Karanga ni halali, lakini iliyoota ukungu si nzuri. Yaweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafa, na mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyotajwa. Basi karanga na mahindi yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo, na kila punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi itupwe. Asipewe hata kuku. Kazi hii ni ya mtu mzima peke yake. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani, na karanga nzima yaweza kumkaba koo, basi asipewe ila iliyotwangwa.

Mvua zetu ni za Desemba hata Aprili, na baada yake bustani hukauka. Mboga za kiangazi zianze kukaushwa zingali nyingi. Zianikwe kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huiharibu vitamini A, na zikikauka zitiwe katika chombo chenye kifuniko. Kutandaza majani jamvini ni kazi aiwezayo mtoto wa miaka miwili, nayo haina moto wala kisu.