Chemba ya biashara ianzie Kibaigwa

Mkoani Dodoma ukiuliza Chemba iko wapi, utaelekezwa barabara ya Kondoa. Ni wilaya ya mahindi, ufuta na alizeti, na jina lake kila mtu analijua. Chemba ile nyingine, ya wafanyabiashara, haina umaarufu huo. Mwenye magunia matano ya mahindi akiisikia hudhani ni jambo la matajiri wa mjini, watu wa suti na mikutano ya hotelini.

Hilo ni kosa, na lina gharama yake.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika wilaya za Chemba na Kondoa, na ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Kiteto. Mahindi yaliyowadhuru hayakuletwa na meli. Yalilimwa hapo hapo, yakahifadhiwa na kusagwa hapo hapo. Kuvu huota kwenye punje iliyowekwa ghalani kabla haijakauka; sumu yake haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Miaka mitano baadaye, Machi 2021, Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Siku nyingi hazijapita zuio likalegezwa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Turubai la kuanikia na kipima unyevu si vitu vya ajabu. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha maafa ya kijijini na lori lililozuiwa mpakani, akaona kwamba ni jambo moja. Daktari anaona mgonjwa, bwana shamba anaona ghala, ofisa forodha anaona karatasi. Mfanyabiashara wa mahindi anaviona vyote vitatu, kwa kuwa hasara ya vyote humwangukia yeye. Akiwa peke yake ni mlalamikaji. Wakiwa mia, wana chemba.

Chemba ya Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo Tanzania, ambayo wengi wanaiita TCCIA, iliundwa mwaka 1988, nchi ikiwa inaanza kuufungulia mlango uchumi wa watu binafsi baada ya miaka ya mashirika ya umma. Neno "Kilimo" halikuwekwa kwenye jina lake kwa mapambo. Kazi yake inayofahamika zaidi ni kutoa cheti cha uasilia wa bidhaa, ile karatasi inayothibitisha kwamba mzigo umetoka Tanzania ili upate nafuu ya ushuru katika masoko ya Afrika Mashariki, nchi za SADC na kwingineko. Ni kazi ya maana. Lakini karatasi hiyo hugongwa muhuri mwishoni mwa safari, na uwanda wa kati una shida kubwa zaidi mwanzoni mwake.

Alizeti ni shahidi mzuri. Ukipita barabara ya Singida utakuta madumu ya mafuta yamepangwa kando ya lami. Nyuma yake, ndani ya banda la mabati, mashine inanguruma: mbegu zinamiminwa juu, mafuta yanachuruzika upande mmoja, na mashudu yanatoka upande wa pili yakiwa bado ya moto, yamekunjamana kama magome ya mti. Mkamuaji anapiga hesabu ya bei ya gunia la mbegu, umeme, na pesa atakayopata akiwauzia wafugaji mashudu. Kipo kitu kimoja kisichomo kwenye daftari lake, nacho ndicho kinachoamua mengine yote: kodi ya mafuta ya kula yanayoingizwa kutoka nje.

Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali iliipandisha kodi hiyo hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, ili kumlinda mkulima wa ndani. Baadaye ikalegezwa. Msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaanguka, wakulima wakalia, wabunge wakapaza sauti, na katika bajeti ya 2023/24 kodi ikapandishwa tena. Serikali ilisikia, na inastahili kushukuriwa kwa hilo. Lakini aliyekwisha kuuza mbegu zake kwa bei ya kutupa ili alipe ada ya shule hakurudishiwa chochote na bajeti ile.

Hapo ndipo chemba ya mkoa hupimwa. Maoni ya kodi hukusanywa miezi mingi kabla ya hotuba ya Juni. Wakati huo kinachotakiwa ni takwimu, maana kilio hakiingii kwenye jedwali la Hazina. Mashine ngapi zinafanya kazi, ngapi zimefungwa, gunia lilinunuliwa kwa bei gani wiki kwa wiki, mafuta kiasi gani yamelala stoo bila mnunuzi. Habari hizi zimo kwenye madaftari ya wakamuaji, yaliyochakaa na kuloa mafuta. Chemba yenye kijana mmoja mwenye pikipiki na moyo wa kazi inaweza kuzikusanya.

Uwanda huu umekwisha kuona yanayotokea mipango ikipangwa bila habari hizo. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mradi wa karanga, wakaleta matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakajenga reli. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua hazikuja kama zilivyoandikwa London. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo waliijua ardhi ile na mvua zake kabla trekta la kwanza halijafika.

Katika wilaya hiyohiyo ya Kongwa leo kuna Kibaigwa, soko kubwa la nafaka kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Kelele za wapakiaji, vumbi la pumba, malori yanayosubiri zamu. Na ndiko mtu atakakosikia habari za lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Kila kilo inayozidi mkulima ameitoa sadaka bila kupenda, na mnunuzi mwaminifu anayefuata sheria anashindwa na mwenzake asiyeifuata. Wakala wa Vipimo wanaweza kukamata mmojammoja. Wafanyabiashara wenyewe, wakikubaliana ndani ya chemba yao na kutengana na anayekiuka, wanaweza kuimaliza biashara hiyo.

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, wafanyabiashara wa hapa wana bahati ambayo wenzao wa mikoa mingine hawana. Zamani mwenye shida na wizara alifunga safari ya kilomita 450 kwenda Dar es Salaam. Leo wizara ziko Mtumba, na daladala inafika. Lipo pia Baraza la Biashara la Mkoa, linaloongozwa na mkuu wa mkoa, ambamo sekta binafsi ina viti vyake. Ila ukaribu huo una mtego: ni rahisi mno chemba ya makao makuu ikawa chemba ya zabuni, ya watu wa kuuza viti, kompyuta na chakula cha semina kwa ofisi za Serikali. Biashara hizo ni halali na zinaajiri. Hazipaswi kukimeza kiti cha mkamuaji wa alizeti.

Ujerumani kila kampuni ni mwanachama wa chemba kwa lazima ya sheria, na chemba hizo ndizo zinazowatahini vijana wanaojifunza kazi viwandani. Tanzania uanachama ni hiari, hivyo mtu hulipa ada akiona faida. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hatalipa kwa ajili ya kalenda na mwaliko wa chakula cha jioni. Atalipa akijua nani atamsemea wakati wa mavuno ya Agosti na Septemba, viwanda vikisema matangi yamejaa mchuzi wa zabibu na zabibu zake zikianza kulainika mtini. Kodi inaweza kumfikia hata yeye: bajeti ya 2017/18 iliweka ushuru wa Sh200 tu kwa lita ya mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75, wakati mvinyo wa zabibu za nje ulitozwa zaidi ya mara kumi ya hapo. Nafuu kama hiyo inahitaji mlinzi wa kuuliza kila mwaka kama imepandisha bei ya kilo shambani.

Kwa hiyo mkutano ujao wa wafanyabiashara wa mkoa ufanyike Kibaigwa, siku ya soko, chini ya paa la ghala, mizani ikiwa katikati. Wakuu wa Mtumba waalikwe, wakae kwenye magunia, na wa kwanza kupewa nafasi ya kusema awe mama aliyetoka Chemba na mahindi yake.