Kifusi Hakisafishi Sumu

Kuna mwandishi anayeshauri mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ufunikwe kwa kifusi na nyumba zijengwe. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoacha sumu ya risasi hapo kilishafungwa mwaka 2014, anasema, na yaliyopita si ndwele. Hapa yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Madini ya risasi hayaozi. Hukaa kwenye udongo wa juu, hupeperuka na vumbi, humwingia mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni; na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa salama. Fundi akichimba msingi au mtaro, kifusi hicho kimetoboka. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa 1994, na watoto bado wanaathirika.

Eti usafishaji ni ghali. Ghali kwa nani? Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza eneo lisafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Udongo upimwe, wenye sumu uondolewe, wakazi waoneshwe majibu. Ramani za nyumba zisubiri.