Kuzaliwa Huku Si Kinga ya Malaria



Ndugu wazazi na wanafunzi, shule zinapofungwa Ulaya na nchi za Ghuba, jamaa zetu wengi hupanda ndege kuja Kampala, Jinja au Bujumbura kuwaona wazee. Furaha ni kubwa, na kuunga udugu ni ibada. Lakini kuna neno tunalolisikia kila likizo, nasi hatukubaliani nalo: "Sisi tumezaliwa huku, malaria haitufanyi kitu."

Neno hili lina chembe ya ukweli. Mtu anayeugua malaria mara kwa mara tangu utotoni, mwili wake hujenga kinga kiasi. Lakini akihama, kinga hiyo hupungua, na baada ya miaka michache si ya kutegemewa. Ama mtoto aliyezaliwa na kulelewa Muscat au London, yeye hana kabisa. Kinga hairithiwi kama jina la babu.

Ajabu ni kwamba mtalii anayekuja kuangalia sokwe hupewa dawa ya kinga na daktari wake, na hulala ndani ya chandarua. Mjukuu wetu huja bila dawa, kisha hulazwa sebuleni na binamu zake bila chandarua, kwa kuwa wageni ni wengi.

Kwa maoni yetu, wajibu ni wa pande mbili. Msafiri amwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, apewe dawa inayomfaa yeye na watoto. Asiiache akisharudi, kwani kuna dawa zinazoendelea kunywewa siku 7 baada ya safari, na nyingine wiki 4. Asitegemee klorokwini aliyoizoea zamani, maana vimelea vya malaria vya huku vimekuwa sugu kwayo. Mama mjamzito aahirishe safari ikiwezekana. Tena Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote.

Mwenyeji naye asiandae pilau tu, aandae na chandarua chenye dawa kwa kila kitanda na kila godoro. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, hivyo wanaotoka kwenda kuswali Isha wavae nguo za mikono mirefu.

Na homa ikitokea, hata miezi kadhaa baada ya kurudi ughaibuni, msiseme ni mafua. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, mumwambie daktari waziwazi: "Tulikuwa Uganda," au "Tulikuwa Burundi." Madaktari wa huko hawaoni malaria kila siku, na asiyeambiwa huenda asipime damu. Malaria ya huku inaweza kuwa kali ndani ya saa 24.

Wapo watakaosema ajali imeandikwa. Ni kweli, lakini kumtegemea Mwenyezi Mungu hakujamzuia yeyote kati yetu kufunga mlango usiku. Bibi amemngoja mjukuu wake miaka mingi. Tusije tukamletea mtoto wa kumkumbatia, kisha baada ya wiki mbili akapigiwa simu ya msiba.

Wabillahi tawfiq.