GHARAMA ZA NJIA ZA UMEME ZIGAWANYWE KWA HAKI

Maji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yakishamaliza kazi yake, huteremka kuja kwetu. Hupita Utete, hujigawa katika mikono ya Delta, kisha huingia baharini kuelekea Mafia. Umeme unaozaliwa na maji hayo hauteremki nayo. Wenyewe hushika njia ya kilovoti 400 kwenda Chalinze, na kutoka huko huingia katika gridi ya Taifa.

Hatusemi haya kwa kinyongo. Bwawa hilo, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, ni mali ya Watanzania wote, na sisi tunaoishi ukingoni mwa Rufiji tunalionea fahari. Lakini fahari haizuii kuuliza. Njia za kusafirishia umeme zinapopangwa, nani hukaa mezani? Na gharama zake zinapogawanywa, mizani hushikwa na nani?

Yafaa wananchi waelewe kwamba kijiji kilicho chini ya nyaya za kilovoti 400 hakiwezi kuchota umeme kutoka kwenye nyaya hizo. Lazima kwanza kijengwe kituo cha kupozea, na kituo hicho ni ghali. Kwa hiyo anayeamua njia ipite wapi na kituo kijengwe wapi, ndiye anayeamua nani atapata umeme mapema na nani atasubiri. Huo si uamuzi wa mafundi peke yao; ni uamuzi wa siasa, na siasa ni mambo ya umma.

Gharama za njia hulipwa kwa namna tatu: kutoka Hazina, yaani kodi, kutoka bei ya uniti, yaani wateja wote, au kutoka ada ya kuunganishwa, yaani yule mmoja aliye mbali. Taifa letu limechagua vyema kutomwachia mzigo aliye mbali. Kila anunuaye umeme Tanzania Bara hukatwa asilimia 3 kwa ajili ya Mfuko wa Nishati Vijijini, na bei ya TANESCO ni moja nchini. Mafia, ambayo kwa miaka mingi imeangaziwa na mashine za dizeli, haikutozwa bei ya dizeli. Huo ndio ujamaa wa vitendo.

Lakini utaratibu huo una mwanya. Pale ambapo gridi haikufika na umeme ukaletwa na kampuni ndogo, mwananchi aliachwa alipe gharama yote mwenyewe. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, uniti moja iliuzwa kwa bei kubwa mno, hata mwaka 2020 Serikali ikaagiza ishushwe hadi shilingi 100. Agizo lilimfaa mnunuzi, ila halikusema nani atafidia tofauti. Bei ikishushwa bila fedha ya kuziba pengo, mwekezaji hukimbia, na kisiwa hurudi gizani.

Zanzibar nayo inatufunza. Kebo ya baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilitandikwa mwaka 1980. Hitilafu ziliiweka Unguja gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilifika mwaka 2013. Hata hivyo, mvutano wa bei na madeni uliendelea miaka mingi, na mwaka 2019 Serikali ya Muungano ililazimika kuondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika umeme unaouzwa Zanzibar. Funzo ni kwamba mgawanyo wa gharama ukubaliwe kabla kebo haijatandikwa.

Sasa tuitazame Delta. Kusimamisha nguzo kwenye mikoko na kuvusha nyaya juu ya mito ya maji chumvi ni kazi ghali. Lakini giza nalo lina gharama. Mvuvi wa kamba asiye na barafu hana nguvu ya kukataa bei ya mchuuzi. Kamba wake wataoza kabla ya jua kuzama. Mama anayejifungua usiku huvushwa kwa mashua kabla ya kuifikia hospitali ya Mchukwi. Hasara hizo haziandikwi katika vitabu vya mhandisi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wahusika. Kwanza, EWURA inapokusanya maoni kuhusu bei, vikao vifanyike pia Kibiti na Nyamisati, kwa siku ambazo maji ya bahari yanaruhusu watu wa visiwani kusafiri. Pili, Wizara ya Nishati iseme wazi katika Mpango Kabambe wake ni visiwa gani vitafikiwa na nyaya, vipi vitapewa umeme wa jua, na lini. Asiyefikiwa na nyaya asingojeshwe kwa ahadi ya nyaya. Tatu, umeme wa jua unaouzwa visiwani uuzwe kwa bei ile ile ya bara, na tofauti ilipwe na Mfuko wa Nishati Vijijini, ambao wananchi wote wanauchangia.

Nasi wananchi tuna wajibu. Anayeiba nyaya au kuchezea mita anamdhulumu jirani yake, maana hasara hiyo huingizwa katika bei ya wote. Haki haidaiwi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiiba.

Mwaka 1975 Taifa liliunda RUBADA ili bonde la Rufiji liendelezwe. Wazee wetu walisubiri karibu nusu karne kabla mtambo wa kwanza haujawashwa mwaka 2024. Subira hiyo ni amana mikononi mwa viongozi. Wasiwaambie wajukuu wa wazee hao nao wasubiri nusu karne nyingine ili umeme urudi ulikotoka.