Karatasi Si Babu

Wako watu wanaoamini kwamba asiye na karatasi hana babu. Nawapinga.

Ndugu msomaji, hili si soga la wazee kukumbushana ukoo. Tarehe 9 Desemba 1961 uraia ulimwangukia, kwa jumla, mtu aliyezaliwa Tanganyika ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa humu. Basi mjukuu akitiliwa shaka, anayehojiwa hasa ni marehemu. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na hapa kwetu Geita kuwasaka wahamiaji haramu. Swali la "babu yako nani?" likawa suala la kulala nyumbani au kuvushwa mpaka.

Haya, tuzitafute hizo karatasi. Sensa? Mwingereza aweza kumsoma babu yake kwa jina katika sensa ya kwao ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022. Sensa za Tanganyika za 1921, 1931, 1948 na 1957 zimetuachia majedwali: wilaya, kabila, idadi. Mle babu ni mmoja ndani ya jumla. Pasipoti? Hiyo ilikuwa ya msafiri wa ng'ambo. Mkulima wa pamba wa Usukuma angeiombea safari ipi? Jina lake liliandikwa kwenye stakabadhi ya kodi na, kama aliingia kanisani, katika daftari la ubatizo.

Hata hapo pana mtego. Mtu yule yule aliitwa Mabula nyumbani kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua, akapata jina jingine ngomani, na kwa padri akawa Petro. Karani asiyejua Kisukuma akaandika "Mwana" palipo "Ng'wana". Karatasi peke yake itaona watu watatu au wanne. Mzee wa ukoo atasema ni mmoja, na kaburi atakuonyesha.

Sisemi karatasi zitupwe. Ulimi nao hudanganya, hasa penye shamba la kurithi. Nasema vipimane: jina la kwenye stakabadhi lilinganishwe na la baba yake, la mtemi wake na la kijiji chake, kisha waulizwe wazee wawili wasio wa ukoo huo, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana, ushahidi huo upokewe na uandikwe, tena upesi, maana wazee hawangoji.

Mkoloni alihesabu vichwa, majina akayaacha. Si haki mjukuu adaiwe leo deni la karani wa jana.